Mtoto Aliyeziimba Santuri

Katika vijitabu vya kumbukumbu vilivyotangulia tumezoea kuandika habari za watakatifu, za wafalme waliojenga mahekalu, na za wazee wetu waliovuka bahari kwa majahazi. Mara hii tumependelea kuandika habari za mwimbaji, tena mwimbaji aliyeanza kusifiwa angali mtoto mdogo. Sababu tunayo. Kila mwaka wakati wa Navaratri na Diwali watoto wetu hupanda jukwaani wakaimba bhajani, yaani nyimbo za ibada, na kila mwaka hutokea mmoja au wawili ambao ukumbi mzima hunyamaza kuwasikiliza. Wazazi hutoa simu zao kurekodi, wajomba hutunza fedha, na kabla prasadi haijagawanywa mtu amekwisha kusema kwamba huyu ndiye Lata mwingine. Baada ya miaka mitatu minne hatumsikii tena. Sauti imevunjika, au mtihani wa kidato cha nne umekaribia, au mtoto mwenyewe ametambua kuwa alichokiimba siku zote ni wimbo wa mtu mwingine alioukariri kutoka kwenye kanda. Tumejiuliza mara nyingi lile jambo tulilolisikia hupotelea wapi. Kati ya waimbaji tuwajuao, hakuna ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kama Kumar Gandharva.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1924 katika kijiji cha Sulebhavi, karibu na mji wa Belgaum, kusini-magharibi mwa India. Jina alilopewa na wazazi wake ni Shivaputra, maana yake mwana wa Shiva, nalo jina la ukoo ni Komkalimath. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikannada, na madhehebu yao Lingayat, watu wamwabuduo Shiva. Nchi ile ya Belgaum na Dharwad ina rutuba ya ajabu kwa upande wa sauti. Gangubai Hangal, Mallikarjun Mansur na Bhimsen Joshi, ambao kanda zao zimo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, wote wametoka huko. Ni nchi ya mpakani, Kikannada upande huu na Kimarathi upande ule, na vikundi vya tamthilia za Kimarathi vilipita mji kwa mji vikiwa na waigizaji walioimba kama waimbaji wa baraza za wafalme. Baba yake Shivaputra, Siddharamayya, naye alikuwa mwimbaji, na nyumba yake haikukosa tambura wala mazungumzo ya muziki.

Haikukosa pia santuri. Hapa tuwaombe radhi vijana, kwani hawakuijua. Sahani ya santuri ya zama zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu hivi. Bwana mkubwa aliyezoea kuiimba raga moja kwa saa nzima alilazimika kuikamua yote ndani ya dakika hizo tatu, kisha mashine ikanyamaza. Hata hivyo, sahani hizo zilifika mahali ambapo bwana mwenyewe asingefika. Majirani zetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, kwa maana mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi, na sauti ya Kiswahili ikasikika kwenye vibaraza vya pwani yote ikitoka ndani ya sanduku. Mwaka huo Shivaputra alikuwa na umri wa miaka minne. Alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza duniani waliolelewa na sauti za watu wasiokuwapo chumbani.

Inasimuliwa kwamba hakuonyesha dalili yoyote ya uimbaji hadi alipokaribia umri wa miaka sita au saba. Kisha siku moja, bila kufundishwa na mtu, akafungua kinywa na kuimba wimbo wa Sawai Gandharva, bwana mkubwa wa upande ule, akautoa wote na mapambo yake kama ulivyokuwa. Baba yake alistaajabu, nasi tungestaajabu. Haikupita muda ikadhihirika kwamba mtoto yule angeweza kufanya hivyo kwa sahani yoyote aliyoisikia. Akiwekewa Abdul Karim Khan, aliimba Abdul Karim Khan, na sauti ile laini inayotoka kama uzi wa hariri. Akiwekewa Faiyaz Khan, aliimba Faiyaz Khan, kwa kishindo chake. Wala hakutoa tuni peke yake, bali pumzi, kikohozi cha mapambo, pahala pa kusita na pahala pa kurukia. Kiongozi wa dini wa madhehebu yao alipomsikia akampa jina la Kumar Gandharva. Gandharva, katika maandiko yetu, ni waimbaji wa mbinguni katika baraza la Indra. Kumar ni mtoto wa kiume, au mwana wa mfalme. Jina hilo likammeza yule Shivaputra, hata leo ni wachache wanaolijua la kwanza.

Baba akaanza kumzungusha mji hadi mji. Watu walinunua tiketi kumwona mtoto aliyevaa kilemba, miguu haifiki chini ya kiti, akiimba sauti za wazee. Mwaka 1935, akiwa na miaka 11, aliimba katika mkutano wa muziki huko Allahabad, mbele ya mabingwa wenyewe aliokuwa akiwaiga. Walioshuhudia walisimulia maisha yao yote jinsi ukumbi ulivyopagawa. Mwaka uliofuata aliimba Bombay, katika ukumbi uitwao kwa jina la Jinnah, na huko nako ikawa hivyo hivyo.

Waandishi wengi huzisimulia habari hizi kana kwamba hapo ndipo kilele. Sisi tunaona kwamba hapo mtoto alikuwa ukingoni mwa shimo. Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta ya duka la nguo tunajua kuwa nguo ya kuazima hata ikimkaa mtu vizuri namna gani, mwenyewe yuko njiani anakuja kuichukua. Mtoto yule alikuwa na sauti saba au nane za kuazima, na yake hakuwa nayo. Alijua kila kilichoimbwa kwenye sahani, lakini hakuwa amefundishwa kwa utaratibu ni kwa nini kiliimbwa hivyo. Raga si wimbo. Ni njia: ina sauti za kupandia na za kushukia, ina sauti ya kutulia na sauti ya kugusa tu na kupita, nyingine ina saa yake ya mchana au ya usiku. Majirani wetu wanaosoma kwa makamu watatuelewa upesi. Aliyekariri safari moja ya dakika tatu ndani ya njia hiyo hawezi kujua njia nyingine zilizomo, na ukimwambia aendelee mahali sahani ilipokomea, atasimama. Tena sauti ya mtoto wa kiume haidumu. Ikishavunjika, wale waliokuja kuona maajabu huenda kuyatafuta kwingine.

Aliyemwokoa ni mwalimu. B. R. Deodhar alikuwa na chuo cha muziki Bombay alichokianzisha mwaka 1925, karibu na Opera House, mtaa ambao wazee wetu waliokwenda Bombay kununua bidhaa waliufahamu. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Vishnu Digambar Paluskar, yule aliyeanzisha chuo huko Lahore mwaka 1901 ili muziki utoke katika majumba ya watawala na kufundishwa watoto wa watu wa kawaida. Deodhar alikuwa mtu wa namna ya pekee. Zama hizo kila mwimbaji alikuwa na gharana yake, yaani ukoo wa uimbaji, na ukoo ulifungiwa kama sanduku la mahari. Nyimbo za ukoo hazikutolewa nje, na mwanafunzi alikatazwa hata kwenda kuwasikiliza wa ukoo mwingine. Deodhar aliwaendea wote. Alikusanya nyimbo kwa mwimbaji huyu na yule, akawakaribisha wakongwe chuoni kwake, akajifunza na muziki wa Kizungu, akaandika habari zao.

Baba alimwacha mtoto kwa Deodhar, naye akakaa huko kwa takriban miaka kumi na mmoja. Tuliofanya biashara tunaweza kukadiria uzito wa jambo hilo. Mtoto anayejaza kumbi ni shamba la mikarafuu lililoko katikati ya mavuno. Kumtoa katika ziara akakae darasani, akijifunza majina ya sauti moja moja kama mtoto wa chekechea, ni kufunga duka siku ya sikukuu. Wazazi wangapi wa leo wangelifanya hilo, hatujui. Sisi tumewaona wanaofanya kinyume chake.

Deodhar hakumkataza kuiga. Alimfundisha kuona kilichomo ndani ya alichokiiga. Katika miaka hiyo Kumar alijifunza pia kwa Anjanibai Malpekar, mwanamama wa ukoo wa Bhendi Bazaar, aliyekwisha kuacha kuimba hadharani lakini ambaye elimu yake waimbaji wakubwa waliifuata nyumbani kwake. Kidogo kidogo watu wakaanza kusikia jambo jipya: kijana yule akianza kama Abdul Karim Khan, humalizia kama mtu wasiyemjua. Alipofika umri wa miaka ishirini na kitu alikuwa anafundisha katika chuo kile kile, na jina lake limeenea India nzima kama mwimbaji kamili, si kama kioja. Mwaka 1947 akamwoa Bhanumati, mwanafunzi mwenzake wa muziki.

Kisha akaanza kukohoa. Ilikuwa kifua kikuu, na zama hizo kwa mtu wa India kifua kikuu kilikuwa karibu sawa na hukumu. Madaktari walimshauri ahame Bombay yenye unyevu akaishi kwenye hewa kavu, na kuhusu kuimba wakamwambia aache. Mwanzoni mwa mwaka 1948 yeye na mkewe walihamia Dewas, mji mdogo katika uwanda wa juu wa Malwa, si mbali na Indore. Ni mji wenye kilima katikati na hekalu la Mungu mama juu yake. Bhanumati akaajiriwa ualimu wa shule ili nyumba ipate riziki. Mume akalala kitandani. Akalala miaka mitano.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Mtu aliyekuwa akiimba tangu miaka saba, ambaye hajawahi kuwa kitu kingine ila sauti, amelala chali katika mji ambao hana jamaa, na ameambiwa kwamba akiimba atakufa. Hana santuri ya kuiiga wala mwalimu wa kumfuata. Kilichobaki ni masikio. Kupitia dirishani alisikia wanawake wa Malwa wakiimba nyimbo za kijijini: za harusi, za mvua ya kwanza, za kusaga nafaka, za kubembeleza watoto. Nyingi zilikuwa na sauti nne au tano tu. Kwa kuwa hakuweza kuimba, alizifikiri. Akagundua kwamba ndani ya nyimbo hizo za watu wasiojua hata neno raga mmelala mbegu za raga, baadhi yake zile zinazojulikana na nyingine ambazo hakuna bwana aliyepata kuziimba. Baadaye mbegu hizo zilimpa raga mpya kadhaa, alizozipa majina mwenyewe.

Akasikia na jambo la pili. Huko Malwa wako watawa wa njia ya Nath, watu wa kutangatanga, ambao huomba chakula mlango kwa mlango wakiimba nyimbo za Kabir. Kabir, kwa faida ya majirani ambao jina hili ni geni kwao, alikuwa mfumanguo wa Banaras katika karne ya 15, aliyelelewa katika nyumba ya wafumaji Waislamu, akawaambia Wahindu na Waislamu kwa pamoja maneno makali ambayo wote waliyachukia na kisha wote wakayahifadhi. Huko Gujarat kwa wazee wetu, kwenye kisiwa cha mto Narmada karibu na Bharuch, upo mti mkubwa unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Nyimbo za Kabir zinamtaja Mungu asiye na umbo wala sifa za kuhesabika, nirgun kwa lugha yetu. Watawa wale hawakuimba kwa utamu. Waliitupa sauti kwa nguvu, ikaenda, kisha wakanyamaza, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde asiyejali kama ataitikiwa. Kumar aliuwaza ule mtupo wa sauti kwa muda mrefu. Aliona kwamba mtu awazaye umati hawezi kuutoa. Unamtaka mwimbaji aliye peke yake.

Dawa ya streptomycin, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilimfikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikampa uhai. Pafu moja halikurudi. Mwaka 1953 aliimba tena mbele ya watu, na waliomkumbuka wa zamani hawakuamini. Mwimbaji wa mtindo wa khayal husifiwa kwa pumzi: kuivuta sauti taratibu, ndefu, kama jahazi lipitalo bila upepo. Kumar hakuwa na pumzi hiyo tena. Basi aliimba kwa vipande vifupi vikali, sauti ikachomoza juu ghafla mithili ya ndege aliyeshtuliwa, halafu kimya, halafu sauti nyingine inayotoka upande usioutarajia. Kimya kile kikawa sehemu ya wimbo. Mtu asiyejua habari ya pafu angedhani ni ubunifu mtupu, na anayejua hawezi kupata mpaka kati ya ubunifu na ugonjwa. Sisi tumesikiliza miaka mingi na mpaka huo hatujauona.

Wako waliomlaumu, tena si wajinga. Walisema ameacha ukoo, ameharibu raga, hana subira ya kuijenga sauti taratibu kama wakongwe. Yeye hakuwa na ukoo wa kuacha, kwani kwa Deodhar alikula katika vyungu vyote. Wengine hawakupenda mwimbaji wa daraja lake aimbe nyimbo za ombaomba. Lakini zile bhajani za Kabir ndizo zilizomfikisha kwa watu ambao wasingekaa saa mbili kusikiliza raga, na ndizo zilizofika hadi kwetu. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha tungo zake, Anup Raga Vilas. Mwaka 1969, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Gandhi, alitunga raga aliyoiita Gandhi Malhar. Bhanumati hakuyaona hayo yote. Alifariki mwaka 1961 wakati wa uzazi, baada ya kuibeba nyumba ile miaka yote ya kitanda, na sisi tunaona ajabu kwamba vitabu humtaja kwa mistari miwili. Mwaka uliofuata Kumar alimwoa Vasundhara, naye mwanafunzi wa Deodhar, ambaye waliimba pamoja kwa miaka iliyobaki.

Jambo moja alilolifanya ukubwani limetugusa kuliko mengine. Katika utoto wake mwimbaji aliyependwa kuliko wote katika nchi za Kimarathi alikuwa Bal Gandharva, mwigizaji aliyecheza nafasi za wanawake jukwaani na ambaye jina lake lenyewe, Gandharva mtoto, alilipata kwa kuimba vizuri angali mdogo. Watu walimwiga nchi nzima. Kumar, mtu mzima mwenye jina lake, aliandaa onyesho zima la nyimbo za Bal Gandharva, akaliita kwa Kimarathi jina lenye maana ya Bal Gandharva kama nilivyomfahamu mimi. Waliotarajia kumsikia yule mtoto wa santuri akimtoa Bal Gandharva mzima mzima, hawakumsikia. Nyimbo zilikuwa zile zile, heshima imejaa, na kila sauti ilikuwa ya Kumar. Angeliweza kuiga, bila shaka. Hakuna aliyeweza kuliko yeye.

Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1977 na Padma Vibhushan mwaka 1990. Hakuihama Dewas. Mji uliompokea mgonjwa ndio alioufanya kwao, na huko ndiko alikofariki tarehe 12 Januari 1992, akiwa na umri wa miaka 67, mzee mwenye mvi ambaye kila mtu alimwita bado kwa jina la mtoto. Binti yake Kalapini na mjukuu wake Bhuvanesh wanaendelea kuimba.

Kanda za bhajani zake za Kabir zimo katika kabati la chumba cha vitabu, upande wa kushoto ukiingia hekaluni, na vijana wetu wamekwisha kuzihamishia kwenye kompyuta. Wazazi wenye watoto waimbaji waje nao jioni ya Jumapili baada ya arati, na majirani wote mnakaribishwa. Tunaanza na chai.